Farasi wangu haoni jicho la kulia: je, nimrudishe kwenye mbio za masafa marefu?

Ndugu Mshauri,

Nina farasi jike mwenye umri wa miaka 13 ambaye nimempanda katika mbio za masafa marefu tangu alipokomaa. Tumemaliza pamoja mbio za kilomita 40 na za kilomita 80, na ingawa hatujawahi kuwa miongoni mwa wanaotangulia, madaktari wa vituo vya ukaguzi hawajawahi kutuzuia kuendelea. Baadaye jicho lake la kulia lilianza kuuma na kutokwa machozi. Lilipona, likarudia tena, na kila liliporudia uwezo wake wa kuona ulipungua. Daktari wa wanyama alinieleza kwamba ni uvimbe wa ndani ya jicho wenye tabia ya kujirudia. Kwa sasa jicho hilo halioni, isipokuwa, nadhani, tofauti ya mwanga na kivuli. La kushoto ni zima kwa kadiri ninavyoweza kuona.

Nyumbani hana shida yoyote, lakini njiani amebadilika. Hushtuka anapopitwa upande wa kulia, huenda kichwa chake kikiwa kimegeukia kulia, na akitoka juani kuingia kwenye kivuli cha miti husimama ghafla. Mwenzangu mmoja ameniambia waziwazi kwamba kumpeleka mnyama wa namna hii kwenye kilomita 80 ni ukatili, na kwamba ninawahatarisha wapandaji wengine pia. Mwingine anasema kwamba farasi hajui kama amepungukiwa, kwa hiyo niendelee kama zamani. Mimi sitaki kumstaafisha mnyama ambaye akiona tandiko huja mlangoni mwenyewe, wala sitaki kumtumikisha kwa ajili ya raha yangu. Msimu ujao kuna mbio za kilomita 80 ninazotamani tushiriki. Je, twende? Na kama inawezekana, nimwandae vipi?

Mpandaji mwenye shaka

Ndugu mpandaji,

Farasi aliyepoteza jicho moja anaweza kukimbia masafa marefu, na wapo wanaofanya hivyo kwa usalama. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyomweleza, jike wako hayuko tayari kwa kilomita 80 za msimu ujao. Jicho la kulia si sababu kubwa ya jibu langu. Kinachonizuia ni mambo mawili ambayo umeyataja kwa kupita tu: kwamba jicho la kushoto ni zima "kwa kadiri ninavyoweza kuona", na kwamba ameanza kwenda kichwa kikiwa kimegeukia upande mmoja.

Nianze na jicho la kushoto. Ugonjwa uliouelezea, ambao madaktari huuita yuveitisi inayojirudia, ndio unaoongoza kwa kuwapofusha farasi duniani. Kinga ya mwili hushambulia tishu za ndani ya jicho, hutulia, kisha hushambulia tena, na kila shambulio huacha makovu. Katika baadhi ya farasi chanzo huhusishwa na bakteria wa leptospira, na farasi wa uzao wa Appaloosa wako katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Jambo la kukuhusu zaidi ni kwamba ugonjwa huu unaweza kushika jicho moja au yote mawili, na si lazima yashikwe kwa wakati mmoja. Isitoshe, wapo farasi ambao uvimbe huwala kimyakimya, bila machozi wala kufumba jicho, hadi siku mwenye farasi anapogundua kwamba kuona kumekwisha. Macho yako, hata yawe makini namna gani, hayawezi kukuambia kilichopo nyuma ya mboni. Mwombe daktari mwenye ujuzi wa macho aitanue mboni ya jicho la kushoto kwa dawa, alichunguze hadi nyuma kabisa, apime shinikizo la ndani, na akuandikie alichokiona. Uchunguzi huo urudiwe kwa vipindi atakavyopanga yeye, kwa sababu jicho lililokuwa safi leo haliwezi kukupa dhamana ya mwaka mzima.

Swali la dawa nalo ni zito kuliko wapandaji wengi wanavyodhani. Jicho la farasi linapowaka, daktari mara nyingi hutumia atropini ili kutanua mboni na kupunguza maumivu, pamoja na steroidi na dawa nyingine za kutuliza uvimbe. Atropini hupunguza mwendo wa utumbo, nayo inaweza kumletea farasi msokoto wa tumbo hata akiwa amepumzika. Katika mbio za masafa marefu utumbo tayari umenyimwa damu, kwa kuwa damu nyingi imekwenda kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, na ndiyo maana daktari wa kituo huweka kifaa chake ubavuni na kusikiliza kama tumbo bado linanguruma. Ukiongeza dawa inayoulegeza utumbo juu ya kazi inayoulegeza utumbo, umeyaalika maafa kwa mikono yako. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kwa upande wao, hukatazwa mashindanoni kwa sababu zinaweza kuficha kilema. Kwa hiyo msimamo wangu hapa hauna nafasi ya majadiliano: farasi ambaye jicho lake bado linahitaji dawa ili litulie haingii kwenye mbio. Atulie kwanza bila dawa, kwa muda ambao daktari ataridhika nao, ndipo mazoezi yaanze.

Sasa tuje kwenye jicho la kulia, hilo linaloona mwanga na kivuli. Watu wengi hudhani kwamba kuona kidogo ni afadhali kuliko kutoona kabisa. Kwa farasi anayekwenda kasi njiani, si lazima iwe hivyo. Jicho lililopofuka moja kwa moja halimwambii farasi chochote, naye hujifunza kulitegemea jicho zima, sikio na ngozi. Jicho linaloleta vivuli visivyo na umbo humpa habari za uongo, na farasi ni mnyama ambaye maumbile yamemfundisha kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Ukichanganya hilo na ukweli kwamba macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko ya binadamu kuzoea giza baada ya mwanga mkali, utaelewa kwa nini anasimama anapoingia kwenye kivuli cha miti. Usimchape wala kumsukuma pale. Punguza mwendo kabla ya kufika kivulini, mpe muda, kisha aingie kwa kutembea.

Zungumza na daktari kuhusu mambo mawili. La kwanza ni kujaribu barakoa inayoziba jicho la kulia kabisa, akiwa kwanza kwenye uwanja anaoujua, ili mwone kama hushtuka kidogo zaidi au hushtuka mno. La pili, kama jicho hilo bado linauma, ni kuliondoa. Najua neno hilo linachoma moyo. Lakini jicho lisiloona na lenye maumivu halimfai farasi kitu, na wamiliki wengi hushangaa jinsi mnyama anavyochangamka maumivu yanapokwisha, kwa kuwa walikuwa wamezoea unyonge wake wakidhani ni uzee.

Ni vyema pia ujue amepungukiwa nini hasa. Farasi mwenye macho mawili huona karibu digrii 350 kumzunguka, akikosa sehemu ndogo tu iliyo nyuma ya mkia na nyingine iliyo mbele kidogo ya pua. Mbele yake pana eneo ambalo macho yote mawili hukutana, na humo ndimo anamopimia kina kwa urahisi zaidi. Jike wako amepoteza upande wa kulia na pia amepoteza makutano hayo. Bado ana njia nyingine za kukadiria umbali, kama vile namna vitu vinavyosogea anapotembea na namna vinavyokua anapovikaribia, lakini njia hizo zinataka muda na zinataka kichwa kiwe huru kuinuka, kushuka na kugeuka. Kwa hiyo anapogeuza kichwa kulia si mkaidi, analileta jicho la kushoto lifanye kazi ya macho mawili.

Huenda wenzako wakakutajia farasi mashuhuri. Patch, ambaye hakuwa na jicho la kushoto, alikimbia Kentucky Derby, mbio kubwa za kasi za Marekani, mwaka 2017 akiwa amepangiwa kuanzia nafasi ya 20, ya nje kabisa, yaani wapinzani wote wakiwa upande asiouona, na mwaka huohuo alimaliza wa tatu katika Belmont Stakes, mbio nyingine kubwa za huko. Adventure de Kannan alishinda mashindano ya kuruka vizuizi ya Hickstead Derby ya Uingereza mwaka 2014 akiwa na jicho moja. Nawaheshimu sana wanyama hao, nao wanatosha kumjibu anayesema kwamba farasi wa jicho moja hafai kitu. Lakini walifanya kazi yao kwenye uwanja uliotengenezwa, kwa dakika chache. Wewe unakwenda saa nyingi juu ya mawe, mizizi na makorongo ambayo farasi hajawahi kuyaona, na adui yako ni uchovu.

Hapa ndipo kichwa kilichogeuka kinaponitia wasiwasi kuliko kujikwaa. Farasi anapokwenda shingo ikiwa imepinda kulia, uzito huegemea bega la kushoto, mbavu husukumwa upande, na tandiko husogea pamoja nazo bila mpandaji kutambua. Wewe nawe hujirekebisha kwa kukanyaga zaidi kikuku kimoja. Katika matembezi mafupi hakuna litakaloonekana. Katika kilomita 80, misuli ya upande mmoja wa mgongo hukaza, mkanda wa tumbo huchubua mahali pamoja, mguu wa mbele wa kushoto hubeba mzigo usio wake, na kwenye kituo cha mwisho daktari anakuta mgongo unaouma au mwendo usio sawa. Watu watasema ameshindwa kwa sababu haoni, ilhali ameshindwa kwa sababu alikwenda mshazari siku nzima.

Kwa hiyo mazoezi yako yaelekezwe kwenye unyoofu kabla ya kasi. Kwenye ardhi anayoijua vizuri, iliyo tambarare na isiyo na hatari, mfanyishe kazi ya polepole ya kwenda wima, mara kulia mara kushoto, hadi misuli ya pande zote mbili ilingane. Kwenye ardhi ngeni au mbovu mwachie kichwa chake kabisa, ageuze anavyotaka, na usijaribu kumnyoosha kwa hatamu, kwa kuwa hapo unamfunga jicho lake pekee. Mpandaji anayeshindwa kutofautisha hali hizo mbili humdhuru farasi kwa kumnyoosha pasipofaa, au kwa kutomnyoosha kamwe. Katika mwendo wa telki, ule ulio kati ya kutembea na shoti, badilisha mara kwa mara jozi ya miguu unayoinukia kwenye kikuku, na katika shoti mbadilishie mguu unaotangulia. Shuka utembee naye kwenye miteremko mikali. Baada ya kila zoezi refu, pitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo ukilinganisha ugumu na maumivu, na utazame alama za jasho chini ya tandiko kama zinalingana. Mtengeneza tandiko na mtengeneza kwato waambieni mapema juu ya jicho, wasije wakarekebisha dalili bila kujua chanzo chake.

Upande wa sauti ni rahisi na hupendeza, kwani farasi husikiliza vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Chagua neno moja la kupanda ngazi au jiwe, jingine la kushuka, jingine la kupunguza mwendo, na jingine la kumwambia kwamba kuna kitu upande wa kulia, kisha usiyachanganye kamwe. Kabla hujamgusa upande wa kulia, zungumza, kisha weka mkono begani. Mpige mswaki, mzoeze kupandwa, na mwongoze kutoka upande huo kila siku, mpaka mambo ya kulia yawe ya kawaida kwake.

Kuhusu wapandaji wengine, mwenzako wa kwanza amesema neno la haki ambalo usilipuuze. Farasi anayeshtuka na kuruka kushoto kwenye njia nyembamba anaweza kumwangusha mtu asiyehusika. Mwanzo wa mbio ndipo penye msongamano, kwa hiyo subiri kundi lote liondoke na utulivu urudi ndipo uanze. Hutapoteza la maana. Chini ya kanuni za AERC, chama cha mbio hizi cha Marekani, mbio za maili 50, ambazo ni takriban kilomita 80, hupewa saa 12 pamoja na mapumziko, na kaulimbiu yao ni kwamba kumaliza ni kushinda. Vaa fulana yenye maandishi makubwa mgongoni yanayosema farasi haoni kulia na kwamba wanaopita wapite kushoto baada ya kuita. Mkipata mwenza mtulivu, atangulie mbele kwenye sehemu nyembamba na akae upande wa kulia kwenye sehemu pana. Chunguza njia ya mbio kabla ya kujiandikisha, na ikiwa ina kingo zenye bonde refu upande wa kulia, chagua mbio nyingine. Kanuni za vyama kuhusu farasi wasioona vizuri hazifanani, kwa hiyo soma za chama chako, mweleze mwandaaji na daktari mkuu hali yote kabla ya kulipa ada, na uombe jibu kwa maandishi. Usiwaache waligundue jambo hili siku ya ukaguzi.

Vituo vya ukaguzi vinahitaji mazoezi yake. Farasi hutazamwa akikimbia kwa telki pembeni ya mtu anayemwongoza, na kwa kawaida mtu huyo hukaa kushoto, jambo ambalo ni bahati kwenu. Lakini kwenye kugeuka, wengi huwageuza farasi kuelekea kulia, na kwake kulia ni ukuta wa giza wenye sauti za watu na ndoo. Zoeza mgeuko huo nyumbani, na siku yenyewe mwombe daktari nafasi pana. Wasaidizi wako wasimkaribie kwa kulia bila kusema. Mshtuko hupandisha mapigo ya moyo, na mapigo hayo yanatakiwa kushuka hadi kiwango kilichowekwa, ambacho katika mbio nyingi ni 64 kwa dakika au chini ya hapo, kabla ya muda uliopangwa kwisha. Ingesikitisha farasi mwenye nguvu zake atolewe kwa sababu ya ndoo iliyoanguka.

Mbio za kilomita 160, ambazo mara nyingi humalizikia gizani, nakuomba uzisahau. Taa za kichwani huzaa vivuli vinavyocheza, na farasi mwenye jicho moja hastahili mtihani huo.

Jicho la kushoto sasa ni mali isiyo na akiba, basi lilinde hivyo. Mvalishe barakoa ya wavu inayozuia miale mikali ya jua, vumbi na matawi, beba maji safi ya kulisafisha, na siku linapotoa machozi, linapofumba au mboni inapokuwa ndogo kuliko kawaida, safari imeisha hapohapo na daktari aitwe siku hiyohiyo.

Kama daktari ataridhika, msimu ujao uwe wa kutembea sana kwenye njia anazozijua, kisha njia ngeni, kisha mbio moja ya kilomita 40 kwa mwendo wa taratibu. Kama atamaliza mgongo ukiwa laini pande zote mbili, akila vizuri na mshtuko ukiwa umepungua, kilomita 80 zinaweza kufikiriwa msimu unaofuata. Kama jicho la kushoto litawaka, mashindano yamekwisha kwake, na kama nalo litapofuka kabisa bado anaweza kuishi vyema akitembezwa na watu anaowaamini, lakini mimi singemshindanisha.

Umesema huja mlangoni akiona tandiko. Ninaamini anafurahi, na furaha hiyo ni yake kweli. Lakini anayeijua idadi ya kilomita ni wewe, naye anatoka kwenda nawe bila kuuliza ni ngapi, kwa hiyo ridhaa yake ya mlangoni haitoshi kuwa ridhaa ya kilomita 80. Zungumza na daktari wa macho wiki hii, na fomu ya mbio uiache bila kujazwa hadi atakapokupa majibu ya jicho la kushoto.

Mshauri